Pancha ya Carrizozo

Gari lilianza kuyumba kilomita chache baada ya kuiacha Carrizozo, mji mdogo wa jimbo la New Mexico, Marekani, nikielekea mashariki kwa barabara namba 380. Nikasogea pembeni. Tairi la nyuma kulia limelala kama chapati. Nikafungua buti nitoe spea. Hakuna spea! Mna kipampu cha kuchomeka kwenye umeme wa gari na kichupa cha dawa ya povu, basi. Kampuni iliyonikodisha gari pale El Paso ilikuwa imetangaza dola 48 kwa siku. Kwenye kaunta zikawa 83, mara bima, mara kodi, mara ada ambazo mpaka leo sijazielewa, na katika maelezo yote hayo hakuna aliyetaja kwamba spea haimo. Hata bajaji ya Tanga inatembea na spea yake.

Simu haina mtandao. Kushoto nyika, kulia nyika, mbele milima. Lile povu nililimwaga lote, likatokea upande wa pili likiwa na mchanga.

Niseme nilichokuwa nafuata. Naishi Dallas mwaka wa saba sasa. Utotoni Muheza nilikuwa mteja mzuri wa banda la video, na katika picha za kauboi tulizozitazama, sherifu alikuwa ama adui ama maiti. Steringi alikuwa yule jambazi, na steringi hauawi. Ukubwani nikaja kujua kwamba Billy the Kid, jambazi maarufu wa picha hizo, aliuawa kweli, usiku wa tarehe 14 Julai 1881 huko Fort Sumner, na aliyempiga risasi alikuwa sherifu wa kaunti ya Lincoln, Pat Garrett. Mtu wa kaunti ya porini, aliyechaguliwa kwa kura Novemba 1880, mwenye mke na watoto. Huyo ndiye niliyetaka kumwona. Rafiki zangu walikwenda Las Vegas.

Baada ya kama dakika 50 ikasimama pikapu kuukuu inavuta tela la mbuzi. Akashuka mzee mwenye kofia pana, akalitazama tairi, akanitazama mimi, akaniita *mijo*, ambalo kwa Kispanishi ni kama kusema mwanangu. Nikaona nimepata baba. Kisha baba akasema, dola 40.

Nikasema 20. Akacheka, akarudi kwenye pikapu yake na kuwasha moto. Nikasema 25. Akazima. Tukamalizana kwa 30, na ninakiri kwamba tangu nifike Marekani sijawahi kufurahia kutoa pesa namna ile. Huku bei imebandikwa, unalipa ukiwa umenuna. Mzee akachomoa msumari kwa koleo, akachokonoa tundu, akapenyeza uzi wa mpira uliopakwa gundi, akaukata kwa kisu, akaniambia nijaze upepo kwa kile kipampu changu. Fundi pancha wa Segera asingefanya zaidi, ila angenitoza shilingi elfu tano.

"Unakwenda kumwona Billy?" akauliza tukisubiri upepo ujae.

"Nakwenda kumwona sherifu."

Hapo akaegemea gari. Akasema wazee wao walimwita Juan Largo, Juan Mrefu, maana alikuwa anakaribia mita mbili. Akasema alioa kwao, kwa wasemao Kispanishi, mara mbili. Wa kwanza alikufa muda mfupi baada ya harusi. Wa pili, Apolinaria Gutiérrez, alimwoa Januari 1880 pale Anton Chico, na ndiye aliyemzalia watoto. "Watalii wote wanauliza bunduki," akasema. "Hakuna anayeuliza mke." Halafu akaelekeza kidole kwenye tela. "Na aliyemmaliza si Billy. Ni hawa."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikasoma, nikakuta hakukosea sana. Garrett alizeeka na madeni. Shamba lake la milimani karibu na Las Cruces lilikodishwa kwa kijana mmoja, Wayne Brazel, Garrett akiamini wataletwa ng'ombe. Wakaletwa mbuzi zaidi ya elfu moja, na mbuzi wakishaingia malishoni, mwenye ng'ombe hana chake. Tarehe 29 Februari 1908 walikuwa njiani kwenda mjini kuyazungumza hayo. Garrett akashuka kwenye gari la farasi ajisaidie kando ya barabara, akapigwa risasi kwa nyuma. Alikuwa na miaka 57. Brazel alikiri, akasema alijihami, na mahakama ikamwachia mwaka uliofuata. Kujihami na mtu aliyekupa kisogo!

Mji wa Lincoln wenyewe ni barabara moja. Nilifika mchana, nikatoka kabla ya jioni, na sehemu ya muda huo niliipoteza nikitafuta chakula cha chini ya dola 15. Jengo la mahakama lilianza kama duka mwaka 1874, na bado wanaonyesha tundu ukutani chini ya ngazi wanalosema ni la risasi, limefunikwa kioo. Tarehe 28 Aprili 1881 Billy, aliyekwisha hukumiwa kunyongwa, aliwaua hapo walinzi wawili akatoroka. Watu walikuwa wamejazana pale kwenye ngazi. Mimi nilikwama kwenye swali jingine: siku ile sherifu alikuwa wapi?

Alikuwa White Oaks, mji wa machimbo ya dhahabu, ambao hauko mbali na Carrizozo. Alikwenda kukusanya kodi. Katika New Mexico ya wakati ule, iliyokuwa haijawa jimbo bado, sherifu ndiye alikuwa mtoza kodi, na kaunti ya Lincoln ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mtu anafukuza majambazi huku anadai watu kodi. Hata zile dola 500 za kichwa cha Billy hakuzipata mara moja, mpaka mwaka 1882 Bunge la huko lilipopitisha alipwe.

Nikakaa kwenye benchi la nje. Babu yangu mzaa baba alikuwa jumbe wakati wa Mwingereza. Hakuwa na bastola, alikuwa na daftari na stakabadhi. Alipita nyumba kwa nyumba kutoza kodi ya kichwa, na asiye na fedha alitoa alichonacho. Nilipokuwa darasa la tatu, mtoto mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba babu yangu alichukua mbuzi wa bibi yake. Sikujua la kujibu. Ujumbe wenyewe ulikuwa umekwisha zamani, tangu uchifu ulipofutwa mwaka 1963, babu alikuwa kaburini, na bado mbuzi yule alikuwa ananidai mimi.

Sijui watoto wa Garrett walidaiwa nini shuleni. Namjua mmoja tu, Elizabeth, aliyezaliwa mwaka 1885 na kupofuka akiwa mchanga. Akasomea muziki, akafundisha katika shule ya wasioona ya Alamogordo, na wimbo alioutunga ukafanywa wimbo rasmi wa jimbo mwaka 1917. Kesho yake nilipita Alamogordo nikiwa na macho yangu mawili na tairi lenye kiraka, nikipunguza mwendo kila nikisikia kelele.

Ruidoso nililala kwenye moteli ya dola 119 ambayo maji ya moto yaliisha nikiwa na sabuni usoni. Zaidi ya hilo sina la kuisimulia.

Kaburi la Garrett liko Las Cruces. Inasemekana jeneza liliagizwa El Paso, kwa kuwa mjini hapakuwa na la kumtosha kwa urefu. Nilikuwa peke yangu. Nikapiga simu ya WhatsApp kwa shangazi Muheza, kule ikiwa usiku, nikamwuliza habari za mbuzi wa babu.

"Nani kakwambia mbuzi?" akasema. "Alikuwa beberu. Na hakumpeleka bomani, baba alimlipia yule bibi kodi kwa fedha yake mwenyewe, beberu tukamla sikukuu."

"Sasa shangazi, si ndiyo huko kumchukua?"

Akanyamaza kidogo. "Kwani wewe uko wapi huko, mbona upepo mwingi?"