Pini ya tatu

Jumatatu, usiku

Diski mpya inazunguka, na rekodi za kwaya zinahamia humo wakati huu ninapoandika. Naandika leo leo kabla sijasahau mpangilio wa mambo. Najua hapa Nairobi kuna mwingine mwenye kompyuta ya zamani na diski mpya, ambaye sasa hivi anaamini kauziwa diski iliyokufa.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, katika zile zinazoletwa kutoka Uingereza baada ya ofisi za huko kuzichoka. Ina prosesa ya zamani ya Core 2 Duo na Windows 7, na haijaonja intaneti kwa miaka. Wengi wameniambia niitupe. Siitupi. Kadi yake ya sauti inanasa vizuri kuliko kipakatalishi changu, programu ya kuhariri sauti iliyomo ililipiwa na inakataa mashine mpya, na kazi yake ni moja tu: kutunza sauti za kwaya yetu hapa Umoja. Mazoezi ya Alhamisi, misa za Pasaka, harusi, mazishi. Kuna waimbaji wa sauti ya tatu na mama mmoja wa sauti ya pili ambao wameshatutangulia, na mahali pekee ninapoweza kuwasikia tena ni ndani ya lile kasha la chuma chini ya meza. Kwa hiyo diski ya zamani ilipoanza kutoa mlio wa tik-tik, sikulala vizuri.

Kila diski ina akiba ya sekta za ziada, yaani vile vipande vidogo vya kuhifadhia data. Ikigundua sekta imeharibika, inahamishia kazi yake kwenye akiba, kisha inaandika hesabu katika rekodi yake ya afya, ile inayoitwa SMART. Sekta chache zilizohamishwa si msiba. Hesabu inayopanda kila unapoitazama ni onyo, na yangu ilikuwa inapanda. Ilikuwa ya terabaiti 1 na ilikuwa imejaa pia, maana saa moja ya stirio kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1, nasi hatubani faili za sauti ziwe ndogo.

Nikaenda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki, nikapata diski ya inchi 3.5 ya terabaiti 4, ya aina inayotumika kwenye seva. Fundi aliichomeka mbele yangu kwenye kile kifaa cha kusomea diski kupitia USB. Ikazunguka, ikaonekana kwenye kipakatalishi chake, nikaigusa nikahisi mtetemo. Nikalipa kwa M-Pesa, nikapanda matatu.

Nyumbani, kimya. Diski hizi ukiziwekea vidole viwili mgongoni wakati kompyuta inawaka, unahisi kwanza mtikiso mdogo, kisha mtetemo mwembamba unaopanda hadi kutulia. Ya zamani, pamoja na ugonjwa wake, ilifanya hivyo. Hii mpya ilikaa baridi kama chuma kilichowekwa rafuni. BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, nayo ilisema hakuna kitu kwenye soketi hiyo.

Nilibadilisha kitu kimoja kimoja, na huu ndio utaratibu ninaouamini, kwa kuwa ukibadilisha viwili pamoja hutajua kipi kimesaidia. Kebo ya data kwanza. Kisha soketi ya data kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Kisha nikachomoa kiendeshi cha DVD na kuipa diski mpya waya wake wa umeme. Kisha nikaichomoa ile ya zamani nikaiweka mpya mahali pake hasa, kwenye waya zile zile zilizokuwa zikifanya kazi dakika moja kabla. Kimya kile kile.

Nikairudisha Luthuli.

“Dada, hii diski ni nzima. Shika uone.” Kweli, ilikuwa inazunguka mkononi mwangu. “Basi mashine yako ndiyo mgonjwa.”

Hakuwa na ubaya wowote, na sikumlaumu. Lakini mashine ilikuwa inaendesha kila kitu kingine bila tatizo. Hapo ndipo nilipokaa na swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwenye kompyuta: inakuwaje vitu viwili vizima vikikutanishwa havifanyi kazi? Tumezoea kutafuta mkosaji. Ni huyu au ni yule, muuzaji au mashine. Hapa hapakuwa na mkosaji.

Jibu nililipata kwa binamu yangu anayetunza seva. Hakuniuliza aina ya diski wala bei. Aliuliza, “Pawa saplai ni ya mwaka gani?” Nikamwambia kile kisanduku cha kugawa umeme ni kile kile kilichokuja na mashine. “Angalia waya wa umeme unaoingia kwenye diski. Una waya wa rangi ya machungwa?”

Ulikuwepo. SATA ni kanuni ya kuunganisha diski na kompyuta, na plagi yake ya umeme ina pini 15. Katika mpango wa awali, pini 1 hadi 3 zilipewa volti 3.3, pini 7 hadi 9 volti 5, na pini 13 hadi 15 volti 12. Ukitazama nyaya unaziona kwa rangi: machungwa ni volti 3.3, nyekundu ni 5, njano ni 12, na nyeusi mbili ni za kurudishia umeme. Diski kubwa za inchi 3.5 hazikuwa na haja na zile volti 3.3, kwa hiyo kwa miaka mingi umeme huo ulifika kwenye diski na haukuulizwa kitu. Kisha mwaka 2016 likatoka toleo la 3.3 la kanuni za SATA, na pini ya tatu ikapewa kazi nyingine: kuizima diski. Sababu ilikuwa nzuri. Kwenye chumba chenye maelfu ya diski, moja ikikwama, seva inapeleka umeme kwenye pini ya tatu, diski inazimika, umeme unaondolewa, diski inawaka upya, bila mtu kutembea hadi pale kuichomoa kwa mkono.

Sasa chukua diski yenye kanuni hiyo uipeleke kwa pawa saplai ya zamani. Pawa saplai inatoa volti 3.3 kwenye pini ya tatu kwa uaminifu, kama ilivyofundishwa. Diski inasoma umeme huo kuwa ni amri ya kuzimika, na inatii. Kila mmoja anatimiza wajibu wake. Kifaa cha fundi hakikuwa na volti 3.3 kabisa, ndiyo maana pale Luthuli ilizunguka kila mara. Nilifurahi mno kuelewa hivyo, nikamweleza mume wangu yote wakati anakula, naye alisikiliza hadi mwisho.

Dawa ziko mbili tatu. Unaweza kutumia adapta inayotoka kwenye ile plagi kubwa ya zamani ya Molex yenye nyaya nne, njano, nyeusi mbili na nyekundu. Haina machungwa, kwa hiyo hakuna cha kuizima diski. Ni njia rahisi, ila chagua adapta ambayo nyaya zake zimebanwa moja moja na unaweza kuziona. Zile ambazo plastiki imemiminwa juu ya nyaya, nyaya zinaweza kuwa zimesogeleana mle ndani, na zimewahi kushika moto. Mimi siwezi kuiacha hiyo chini ya meza yenye sauti za marehemu. Wengine hukata waya wa machungwa. Sikutaka, kwa sababu ukishakata hujui kesho utahitaji nini.

Nilichagua utepe. Mafundi wa simu wanao ule utepe mwembamba wa rangi ya kahawia-dhahabu unaostahimili joto, wanaufunikia vipuri wanapochomelea. Kijana mmoja mwenye meza ya simu hapa mtaani alinikatia kipande, akakataa pesa. Pini hizi zimepangwa kwa umbali wa milimita 1.27, kwa hiyo kufunika ya tatu peke yake ni kazi ya macho na pumzi. Lakini unaweza kufunika ya 1, ya 2 na ya 3 kwa pamoja, maana diski hii haitumii yoyote kati ya hizo kujiendesha. Zihesabu kuanzia upande ulio karibu na soketi ya data. Nilichomoa kila kitu ukutani, nikafuta pini kwa kitambaa kikavu, nikaubandika utepe kwa kibano cha nyusi, nikaukandamiza kwa ukucha. Plagi iingie moja kwa moja bila kuichezesha, la sivyo utepe unajikunja.

Nikawasha. Vidole viwili mgongoni. Ikatikisika, ikapanda, ikatulia.

Kisha Windows ikakataa kuwaka. Skrini ya buluu, kosa 0x0000007B. Hili lilikuwa jambo jingine kabisa, nalipitia haraka: betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi ilikuwa imekwisha, na kila nilipochomoa waya ukutani BIOS ilisahau mipangilio yake. Hali ya SATA ikarudi kutoka AHCI kwenda IDE, njia mbili tofauti za kompyuta kuongea na diski, na Windows, ambayo iko kwenye SSD ndogo, diski nyingine isiyozunguka, ikashindwa kuiona diski yake yenyewe. Nikarudisha AHCI, nikaweka betri mpya, nikarekebisha saa. Ukiona saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi, anza na betri kabla ya kugusa kingine chochote.

Hatua ya mwisho ilikuwa ukubwa. Windows iliniuliza niianzishe diski kwa MBR au GPT, mifumo miwili ya kuandika diski imegawanywa mafungu gani, na MBR ilikuwa tayari imechaguliwa. Niliiacha makusudi nione, na ikanionyesha vipande viwili: gigabaiti 2048 zinazotumika, na gigabaiti 1678 zilizokaa pembeni zisizokubali kitu. MBR ilikuja na mfumo endeshi wa PC DOS 2.0 mwaka 1983, mwaka ambao IBM iliuza kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10. Inaandika namba ya sekta kwa biti 32, yaani mwisho wake ni sekta 4,294,967,296. Kila sekta ni baiti 512. Zidisha, unapata terabaiti 2.2 hivi na hapo ndipo ukuta ulipo. Sidhani waliopanga hivyo walikosea. Waliacha nafasi kubwa kuliko diski yoyote waliyoijua.

GPT haina ukuta huo. Kompyuta yenye BIOS ya zamani haiwezi kuwasha Windows kutoka kwenye diski ya GPT, lakini Windows 7 inaitumia vizuri kama diski ya kuhifadhia, na hicho ndicho nilichohitaji. Nikaibadilisha ingali tupu. Hili lifanyike kabla hujaweka faili hata moja, kwa sababu kile chombo cha Windows cha kusimamia diski hakibadilishi mpaka ufute mafungu yote. Diski ikaonekana nzima, gigabaiti 3725 na ushei. Hizo si pungufu. Kiwandani wanahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Kunakili nako kunataka akili, hasa diski unayotoa ikiwa mgonjwa. Nimeanza na zile rekodi ambazo zikipotea hazina pa kutafutwa: misa ambazo walioimba wametutangulia, kisha rekodi za mwalimu wetu wa kwanza akifundisha sauti ya nne. Harusi zitafuata, wenye harusi wana nakala zao. Natumia robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, na nimeiambia ikikwama kwenye faili ijaribu mara moja tu iendelee. Usipoiambia, kawaida yake ni kujaribu mara milioni 1 na kungoja sekunde 30 kati ya jaribio na jaribio. Diski inayokufa haina muda huo.

Stima ilipotea saa mbili usiku, UPS, ile betri ya akiba, ikashika kwa muda wa kutosha nikazima kwa utaratibu. Iliporudi nikaendelea.

Hadi sasa misa zote za zamani zimeshavuka, na nimesikiliza vipande vya kila moja, mwanzo, katikati na mwisho. Rekodi ya mkesha wa Pasaka, ile ambayo mama wa sauti ya pili anaanza peke yake kabla ya kwaya kumwingilia, imekataa kusomeka kuanzia katikati. Niliujaribu mwanzo wake nikamsikia, kisha ikakata. Nimempigia binti yake. Anasema mama aliweka kaseti ya usiku ule kwenye kabati la vyombo, hajui kama bado inalia. Nimemwambia asiijaribu kwenye redio yoyote, nitakuja nayo yangu Jumamosi, nikiwa nimeshasafisha kichwa chake kwa spiriti.