Siku moja na tone linalotembea

Saa 1 asubuhi. Nje theluji, ndani ya maabara yetu hapa Massachusetts kimya. Milango ya jengo bado haijaanza kufunguliwa na kufungwa, hewa imetulia. Naweka pimamaji juu ya beseni. Halizidi ukubwa wa sahani ya wali, lakini likiinama hata kidogo tone litateremkia upande mmoja mchana kutwa.

Saa 2. Namimina mafuta ya silikoni yenye mnato wa sentistoki 20, yanayotiririka kwa urahisi kuliko mafuta ya kupikia, kisha nawasha mtambo unaolitikisa beseni mara 70 kwa sekunde. Naongeza nguvu polepole. Ukivuka mpaka fulani, uso wa mafuta unachafuka wenyewe na kujipanga vinundu vinundu. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliyaeleza mawimbi hayo mwaka 1831, akaona kwamba hupanda na kushuka mara moja kwa kila mitikiso miwili. Mimi nasimama chini kidogo ya mpaka huo.

Saa 3. Nachovya kijiti cha meno kwenye mafuta na kukinyanyua ghafla. Uzi mwembamba unakatika na kuacha tone. Matone mengi nayaacha, ama ni makubwa ama ni madogo. Ninalolitaka lina upana wa karibu milimita 0.8. Likitua halimezwi, kwa sababu kati yake na mafuta ya chini kuna utando wa hewa, na kabla hewa hiyo haijapata muda wa kutoka, beseni limeshalirusha tena. Kila linapotua linaacha wimbi. Linaporudi linakuta mteremko wa wimbi lake lenyewe, nao unalisukuma mbele. Basi linatembea, karibu sentimita moja kwa sekunde. Kamera inalipiga picha likiwa palepale katika mdundo wake, hivyo kwenye skrini kuruka hakuonekani: unaona lulu ndogo inateleza, miduara ya mawimbi imeizunguka. Huu ni mwaka wangu wa tatu na bado naacha kila kitu nilitazame.

Saa 6 mchana. Nyumbani Tanga ni saa 2 usiku, mama anapiga.
“Shikamoo mama.”
“Marahaba mwanangu. Na hilo tone lako, linajua linakokwenda?”
Swali hilo nimelifikiria tangu nikate simu. Halijui. Ila kadiri tunavyoukaribia mpaka wa Faraday, ndivyo mawimbi yanavyochelewa kufa, na tone linasukumwa na nyayo zake za zamani pamoja na za sasa. Sisi tunaiita kumbukumbu. Kumbukumbu ikiwa ndefu, tone lililofungiwa ndani ya zizi la duara linatangatanga ovyo, huwezi kubashiri hatua yake inayofuata. Lakini hesabu mahali lilipopita kwa saa nyingi, na miduara inajitokeza, mmoja ndani ya mwingine. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT walilionyesha hilo mwaka 2013. Inafanana na picha ya elektroni iliyopigwa mwaka 1993 katika maabara ya kampuni ya IBM, ndani ya zizi la atomi 48 za chuma juu ya shaba.

Saa 8. Naunganisha data ya leo na ya usiku wa siku tatu. Miduara imebanwa upande wa mlango. Nakata ukanda wa karatasi laini na kuushikilia kwenye ukingo wa kifuniko cha beseni. Unapepea. Mpira wa kuzibia umechanika, mpasuko mfupi kuliko ukucha, na upepo wa kiyoyozi umekuwa ukilisukuma tone langu muda wote huo.

Mwenzangu anashauri tubakize ule upande uliotoka vizuri. Nakataa, na sababu yake ni kubwa kuliko mpira. Mwaka 2006, Yves Couder na Emmanuel Fort huko Paris walipitisha matone kwenye matundu mawili, wakaona mahali matone yanapofikia pamejipanga kwa mistari, kama zinavyofanya chembe za kwanta, yaani chembe ndogo mno kama elektroni. Dunia ilisisimka, nami niliingia fani hii kwa ajili ya jaribio hilo. Baadaye makundi ya Denmark na Marekani yakalirudia kwa njia nyingi zaidi za matone na beseni lililozibwa hewa isiingie. Mistari ile hawakuipata. Kazi ya Paris haikuporomoka kwa hilo: wao ndio waliotuonyesha, mwaka 2005, kwamba tone linaweza kutembea na wimbi lake. Mwanafizikia Mfaransa Louis de Broglie alikuwa na wazo la chembe inayoongozwa na wimbi tangu miaka ya 1920, bila kuwa na kitu cha kulionyesha kwa macho. Kwangu mimi tone si elektroni. Nataka kujua kufanana kwao kunaishia wapi hasa, na data iliyopulizwa na kiyoyozi haiwezi kunijibu.

Saa 10. Kikao na profesa, kifupi. Anakubali tufute zote.

Saa 12 jioni. Mpira mpya, skrubu nane, nazikaza kwa zamu, pande zinazotazamana. Karatasi imetulia kabisa. Pimamaji tena, kijiti tena. Tone la tano ndilo lenye ukubwa ninaoutaka.

Saa 3 usiku. Nimezima taa, imebaki ile ya kamera. Limeshapita katikati mara kadhaa, na sasa linaukaribia ukingo ambako mafuta ni membamba na mawimbi yanafifia. Linapunguza mwendo, linageuka.