Karafuu ilipozidi

Jana jioni mama mwenye mgahawa hapa Bombo, kando ya barabara iendayo Gulu, alinirudishia chupa yake ya sabuni ikiwa imepungua vidole viwili tu. Hakugomba. Alininyoshea mikono. Katikati ya vidole, pale ambapo ngozi ilishapasuka kwa kuosha vyombo kutwa, palikuwa pekundu.

"Mwanangu, sabuni yako inanukia vizuri lakini inaniwasha," aliniambia. "Na vikombe vya plastiki vimeshika karafuu. Wateja wananiuliza chai nimetia viungo gani."

Nilimpa pole, nikamrudishia pesa zake. Usingizi ulichelewa sana kuja.

Kosa ni langu. Miaka 2 sasa natengeneza sabuni ya maji kwa ungaroli (ule uji mzito unaoipa sabuni povu), chumvi, rangi kidogo na manukato ya dukani. Mwezi huu niliyaacha hayo manukato, nikapanda taksi hadi Kampala kutafuta mafuta halisi ya mimea: mchaichai, mkaratusi na karafuu. Ni ghali, na huja katika vichupa vidogo vya kioo cha kahawia. Nilitaka sabuni yangu inukie kitu ambacho mtu anaweza kukitaja jina, siyo ule utamu wa peremende. Bado nataka.

Mara ya kwanza niliyadondosha juu ya sabuni iliyokwisha kuwa tayari. Yakaelea kama mafuta kwenye mchuzi. Nikakoroga, sabuni ikaingia ukungu, kisha ikalegea. Nikaongeza chumvi, ikakaza kidogo. Nikaongeza tena, ikawa maji kabisa. Chumvi ina mpaka wake: ukiuvuka, sabuni inakuwa nyepesi tena, na chumvi ikishaingia huitoi. Siku hizi naanza na mafuta. Nayakoroga ndani ya ungaroli ingali nzito, kabla ya maji, mpaka nisione tone hata moja. Maji yanafuata kidogo kidogo, chumvi mwisho, halafu nailaza usiku kucha povu lishuke. Asubuhi unaitazama kwenye jua na mwanga unapita mpaka upande wa pili. Napenda sana saa hiyo.

Kwa furaha hiyo nikatia mililita 100 za karafuu katika lita 10. Pua yangu ilikuwa imeshanusa kutwa nzima, haikusikia tena kitu, nami nikadhani bado haijatosha. Kisha nilikuwa nawaza wateja. Wengi hufungua kifuniko na kunusa kabla hata ya kuuliza bei, na harufu ikiwa hafifu wanaona sabuni imeongezwa maji. Lakini harufu haitoi mafuta kwenye sufuria. Kazi hiyo ni ya ungaroli.

Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, ile ile ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza jino linalouma. Kitu chenye nguvu ya kufikia jino, mimi nilikipeleka kwenye vidole vilivyopasuka, tena kwa asilimia 1. Kwa kitu kinachogusa ngozi, hata nusu ya hapo nisingethubutu tena.

Zile lita zilizobaki siuzi. Nitasugulia sakafu ya choo, nikivaa glavu. Jana usiku nilitengeneza mbili mpya: ya kufulia yenye mchaichai peke yake, mililita 10 kwa lita 5, na ya vyombo isiyo na harufu wala rangi.

Hiyo ya vyombo nimempelekea mama alasiri. Amefungua kifuniko, akanusa kwa mazoea, akanitazama kidogo bila kusema neno. Akaosha kikombe kimoja, akakisuuza mara mbili, akanimiminia chai. Nilikinusa kabla ya kunywa. Tangawizi na majani ya chai, basi.