Kabla hujasema mtoto ni mzito wa kuelewa, uliza kwao wanaongea lugha gani

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu wananiuliza kama ualimu wa elimu maalumu unalipa, na mimi kabla ya mambo ya mshahara naanzaga na hili, kwamba huku kanda ya ziwa nusu ya kazi hii ni lugha. Ukija ukidhani ni ulemavu tu utaumiza watoto.

Chukua darasa la kwanza shule ya kijijini, Misungwi au Kwimba huko, unapokea mtoto ambaye kwao asubuhi hadi usiku ni Kisukuma tu, ukivuka kwenda Ukerewe utakuta Kikerewe na Kijita, na wa Ukara ana Kikara chake. Mwalimu anaongea Kiswahili cha haraka haraka, mtoto kimya. Kwenye imla anaandika l penye r kwasababu Kisukuma hakina hiyo r, basi muhula haujaisha ameshaitwa mzito na wazazi wanaambiwa labda akili yake haiko sawa. Huyohuyo jioni anachunga ng'ombe za babu yake na anazijua moja moja, ipi mama yake ipi, ipi inakaribia kuzaa. Uzito uko wapi hapo jamani?

Alafu kuna upande wa pili, na huu ndo unaniuma zaidi. Mtoto kweli hasikii, sikio linatoa usaha tangu mdogo, nyumbani wamezoea wanasema litaacha akikua, shuleni nako wanasema muacheni bado hajashika Kiswahili, na miaka inakatika hivyohivyo. Mimi natafuta mtu anayejua lugha ya kwao, hata mama anayepika uji wa shule, asimame nyuma ya mtoto amwambie kitu kwa sauti ya kawaida. Akigeuka na kucheka najua shida ni Kiswahili chetu, ingawa bado namwangalia maana linaweza kuwa sikio moja tu au usikivu umepungua kidogo. Asipogeuka namuita mzazi tuongee habari ya kwenda kupimwa, na kama hospitali ya wilaya hawana vifaa, Bugando, ile hospitali ya rufaa ya Mwanza, wapo.

Na mtoto kiziwi msisahau ana lugha nyingi kuliko wenzake. Anakuja na ishara za nyumbani alizotunga na dada zake, anakutana na Lugha ya Alama ya Tanzania, anasomeshwa Kiswahili ambacho hajawahi kukisikia, akifika sekondari anawekewa Kiingereza. Lugha ya alama ina mpangilio wake wa sentensi, kwahiyo akiandika Kiswahili maneno yamepinduka usimchoree kalamu nyekundu ukurasa mzima, mwonyeshe.

Wenye ualbino shida yao kubwa darasani ni macho. Mkalishe mbele lakini asielekee mwanga wa dirisha, muache asogeze kitabu mpaka puani, na mstarini asikose kofia. Wengi wao wanataka maandishi makubwa tu, nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa ya wasioona, hawaihitaji.

Kwa wanaotaka kusomea, chuo cha serikali ni Patandi kule Arusha, utachagua usikivu, uoni au ulemavu wa akili. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 isome mapema, utaihitaji siku shule itakapokataa kuandikisha mtoto.

Ila ukipangiwa kituo, usikae wiki mbili hujatafuta mtu wa kukufundisha lugha ya pale, maana mara nyingi aliyemlea mtoto ni bibi na yeye ndo ana majibu yote, alianza kutembea lini, aliwahi kupata degedege au homa ya uti wa mgongo, akiitwa gizani anaitika. Ukimuuliza kwa Kiswahili atakuitikia ndiyo mwalimu kwa kila swali kwa ile heshima yake, ukimuuliza kwa Kisukuma atavuta kiti akuelezee tangu siku mtoto alipozaliwa.