Majina ya Kutaja

Kwetu Newala, korosho ikianza kudondoka, kijiji kinahama. Watu wanafunga nyumba, wanabeba sufuria, mikeka na kuku, wanakwenda kuishi mashambani mpaka karibu na Krismasi. Korosho haivunwi kwa siku moja. Inaanguka yenyewe, leo mti huu, kesho ule, na usipolala nayo shambani ataiokota mwingine usiku. Ndiyo maana kila Oktoba, mwezi wa Rozari, ambao Wakatoliki wa kwingine wanazunguka na sanamu ya Mama Maria nyumba kwa nyumba, kigango chetu, yaani kanisa letu dogo la kijijini, kilikuwa hakina mtu. Baba alikuwa katekista. Aliongoza ibada ya Jumapili mbele ya bibi watatu wanne wasioweza tena kuinama chini ya mikorosho, pamoja na sisi wanawe, ambao hatukuulizwa. Padri alifika akipata gari.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mwembe. Mwezi wa Oktoba baba aliigonga kwa nguvu kuliko miezi mingine yote, na hakuna aliyekuja.

Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1999 na sisi tulikuwa shambani. Sikwenda shule, nusu ya darasa haikwenda, na walimu wenyewe walikuwa na mikorosho yao. Shamba lililopakana na letu lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, mpole, mwenye redio aliyoifunga kwa mpira wa tyubu isiachane. Betri zake zilishachoka, kila asubuhi akizianika juani juu ya gunia, pembeni ya korosho, zipate kusema kidogo. Asubuhi ile alituita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tukakimbia. Ilikuwa sauti ya Rais Mkapa, mtu wa mkoa wetu, wa Lupaso kule Masasi, akitangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Mama aliketi palepale mchangani. Zikaanza nyimbo za maombolezo, betri zikakata, na mzee akatoa za tochi yake akazitia, ingawa usiku ule angelinda shamba gizani.

Jioni tulisali Rozari. Ilikuwa Alhamisi, siku hizo zamu ya Matendo ya Furaha, lakini baba alianza na ya Uchungu na hakuna aliyemsahihisha. Alipomaliza alikaa kimya, kisha akamwambia mama, "Msiba kama huu, na waumini wangu wako kila mmoja kwenye kibanda chake." Mama akamwambia asiwaite, hawatakuja, korosho iko chini. Baba akasema najua.

Kesho yake hakuokota korosho. Alikwenda kanisani akarudi na kitabu cha masomo, kalamu, karatasi na kaboni mbili zilizokwisha chakaa. Jumapili ile masomo yalikuwa Isaya 45, mwanzo wa barua ya kwanza ya Paulo kwa Wathesalonike, na Injili ya Mathayo 22, ile ya kodi: cha Kaisari mpeni Kaisari, na cha Mungu mpeni Mungu. Baba alicheka peke yake aliposoma Injili. Sisi tulidhani atakaa hapo, maana kiongozi wa nchi amefariki na somo lenyewe linamtaja Kaisari. Yeye akakaa na Paulo. Alitusomea mara mbili pale Paulo anapowaambia Wathesalonike kwamba anamshukuru Mungu kwa ajili yao na anawataja katika sala zake. Akatueleza kwamba Paulo alikuwa ameondoka kwao kwa kufukuzwa, hakupata hata nafasi ya kuaga, na kila alipotaka kurudi alizuiliwa. "Sasa angefanya nini?" akauliza. "Aliandika."

Baba alipenda kutukumbusha kwamba Kanisa la kusini halikuanza na ibada iliyotulia: misioni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa wakati wa Majimaji, mwaka 1905. Nadhani siku ile ndipo na mimi nilipoelewa kwa nini alilisema hilo mara kwa mara.

Aliandika mpaka jioni, nakala tatu kwa mkupuo. Ya juu ilisomeka vizuri, ya katikati ilisomeka, ya chini ilitaka macho ya kijana. Injili nzima, mistari ya Paulo, nyimbo mbili ambazo kila mtu anazijua kwa moyo, sala ya kumwombea Mwalimu. Chini kabisa akapiga mstari na kuandika "Majina ya kutaja", kisha kaya zote za kigango, moja baada ya nyingine. Agizo lilikuwa hili: Jumapili saa nne, kila familia ikisikia chuma kinagongwa, isali ilipo, na wakati wa maombi iwataje wengine wote kwa majina. Wa karibu na kanisa watasikia rimu. Aliyesikia agonge jembe, ili wa mbele yake naye asikie.

Jumamosi kaka yangu na mimi tukatumwa na Phoenix ya baba. Mchanga wa huko kwetu haupandiki baiskeli. Tuliisukuma zaidi ya kuipanda. Tulifika kwenye kibanda cha mzee aliyekuwa hajakanyaga kanisani tangu ugomvi wa mchango wa mabati. Mimi nilitaka tupite, kaka akasema tumetumwa. Mzee aliichukua karatasi, hakusoma Injili wala nini, akashuka moja kwa moja chini kwenye majina. Kidole kilipofika kwenye lake kilisimama. Akaikunja akaitia mfuko wa shati, kisha akatupa maji, kikombe kizima kila mmoja. Anayejua maji ya Newala yanavyopandishwa kutoka bondeni ataelewa kikombe kile.

Kwa mama muuza uraka, pombe ya mabibo ya korosho, tulifikishwa na harufu ya mabibo kabla hatujaona paa. Alikuwa anakamua, mikono imemetameta hadi viwiko, nzi wamejaa. Hakujua kusoma. "Nisomee, mwanangu," akasema, nami nikasoma yote nimesimama. Kwenye Wathesalonike aliacha kukamua.

"Na hayo ya chini?"

Nikasoma majina.

"Mimi simo?"

Kaka akainama kukagua mnyororo wa baiskeli, ambao haukuwa na tatizo lolote. Kila mtu alijua kwamba baba na uraka hawapatani. Jumapili za msimu, waliokosekana kanisani wengi wao walipatikana pale.

"Basi niandike," akasema, akanitajia jina lake la ubatizo, jina ambalo sikuwahi kulisikia kijijini. Nililiandika kwenye nakala yake, na tulipokwenda mbele nikaliandika kwenye zote zilizobaki. Kaka alisema baba atatuua.

Jumapili saa nne baba aligonga rimu. Tukasubiri. Kisha upande wa mashariki likalia jembe, hafifu, na baada ya hapo lingine ambalo mama alidai amelisikia na mimi nikakubali tu. Jirani yetu alikuja na redio yake imezimwa, akaketi pembeni ya mkeka wetu. Tulipofika kwenye sala ya Mwalimu akafungua viganja na kuitikia amina.

Jumatatu, kwenye mzani wa chama cha ushirika, watu wakamshika baba mkono: katekista, umefanya vizuri kumkumbuka yule mama. Baba aliitikia, ahsanteni, ahsanteni, bila kujua anashukuriwa nini. Jioni aliiomba nakala moja, akaitazama, akanitazama. Hakusema kitu.

Wiki iliyofuata, Mwalimu akiwa anasubiri kuzikwa Butiama, baba aliandika tena. Mwisho wa orodha aliweka lile jina la ubatizo kwa mwandiko wake mwenyewe, na mbele yake akaongeza: "pamoja na wateja wake."

Mwenyekiti wa kigango alikuja shambani kwetu jioni ileile, karatasi mkononi, akitaka kujua hao wateja ni akina nani hasa.

"Mungu anawajua kwa majina," baba akamjibu. "Mimi kaboni imeniishia."