Frank, mikoba mitano na kiwanja cha Mjomba

Wiki hii yote namfikiria Mholanzi mmoja ambaye sidhani kama nitakutana naye maishani. Anaitwa Frank. Alishiriki mchezo wa televisheni wa kufungua mikoba, ule ambao wengi tunaujua kwa jina la Deal or No Deal, ulioanzia Uholanzi mwaka 2002. Wachumi wanne, akiwemo Richard Thaler ambaye baadaye, mwaka 2017, alipewa Tuzo ya Nobel, waliuandika mkasa wake duru kwa duru katika utafiti uliotoka mwaka 2008. Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kwa asiyewahi kuutazama: kuna mikoba 26, kila mmoja una kiasi chake. Uholanzi ni kuanzia senti moja hadi euro milioni 5. Unachagua mkoba mmoja bila kujua kilichomo, kisha unaanza kufungua mingine, na kila kiasi kinachoonekana kinafutwa ubaoni. Mwisho wa kila duru Benki, yaani upande wa waendeshaji wa mchezo, inakutajia bei ya kuununua mkoba wako. Ukiikubali, unaondoka nayo. Ukiikataa, unafungua tena. Hakuna maswali ya kujibu wala ujuzi wowote unaotakiwa. Ni wewe na roho yako mbele ya taa na watu wanaopiga kelele.

Sisi tumelelewa na methali: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Naiamini. Lakini hebu itazame vizuri, ina hesabu ndani yake. Inasema kenda, tisa kwa kumi. Haikusema mbili kwa kumi. Na Benki ya mchezo huu inapoanza haitoi hata moja. Katika vipindi vya Uholanzi walivyochunguza, bei ya duru ya kwanza ilikuwa wastani wa asilimia 6 tu ya thamani ya wastani ya mikoba iliyobaki. Ndiyo maana washiriki wanaendelea mwanzoni, na wana haki. Bei hupanda kadiri mchezo unavyosonga, hadi duru za mwisho ambapo hukaribia thamani kamili au hata kuipita.

Sasa Frank. Duru ya sita amebakiwa na mikoba mitano. Ubaoni kuna nusu euro, euro 10, euro 20, euro 10,000 na euro 500,000. Benki inampa 75,000. Ukijumlisha mikoba yote mitano na kugawa, wastani ni euro 102,006, kwa hiyo anapewa saba na kitu kwa kumi. Mimi ningechukua mbio. Ila siwezi kusema aliyekataa amekosea, maana mikoba minne kati ya mitano haikuwa na ile nusu milioni, na kama angefungua mmoja wa hiyo, bei ingepanda. Akakataa. Akafungua mkoba mmoja, na humo ndimo zilimokuwa euro 500,000.

Bei inayofuata ni euro 2,400.

Hapo ndipo huwa nasimama kusoma. Dakika chache zilizopita mtu huyu alikuwa anatajiwa 75,000. Kwa hesabu, bei mpya ni nzuri kuliko ya mwanzo: ni asilimia 96 ya wastani wa mikoba iliyobaki, yaani ni kenda na zaidi. Anakataa. Anafungua wenye nusu euro, anapewa 3,500, ambayo tayari imezidi wastani. Anakataa. Anafungua wenye 20, imebaki mikoba miwili, mmoja una euro 10 na mwingine 10,000. Benki inasema 6,000. Wastani ni 5,005. Hii sasa ni kumi na mbili shika kuliko kumi nenda uje, kitu ambacho hata wahenga hawakuwahi kukiwaza. Frank anakataa. Mkoba wake ulikuwa na euro 10.

Ni rahisi kumwita mjinga au mlafi, nami siafiki hata kidogo. Mlafi angefurahia 6,000 kwa sababu ni nyingi kuliko alizokuja nazo. Frank hakuwa anapima kutoka mfukoni mwake. Alikuwa anapima kutoka kwenye 75,000, na kutoka hapo euro 6,000 ni hasara ya 69,000. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza jambo hili tangu mwaka 1979: binadamu hupima faida na hasara kuanzia pale anapodhani amesimama, na aliyeko upande wa hasara huwa tayari kucheza ili arudi alipokuwa. Thaler na wenzake waliona hivyo kwa washiriki 151 wa Uholanzi, Ujerumani na Marekani. Waliopigwa vibaya waliongeza ujasiri. Na waliobahatika mno nao waliongeza. Yupo mwanamke wa Ujerumani aliyebakiwa na mikoba miwili, wa 100,000 na wa 150,000. Alipewa 125,000, akakataa, akaondoka na 150,000. Huyo alishajua kwamba lolote litakalotokea, amevuka.

Kilichonigusa zaidi ni majaribio waliyofanya kwa wanafunzi huko Rotterdam. Walipunguza zawadi, kundi moja mara 1,000 na jingine mara 10,000, hivyo kubwa kuliko zote ikawa euro 5,000 au 500. Wanafunzi waliamua kwa namna ileile, ingawa fedha walizokataa zilikuwa ndogo mno kuliko za kwenye televisheni. Kwa hiyo ukubwa wa fedha wenyewe si jambo kubwa kama tunavyodhani. Ubao ndio unaomwambia mtu kipi ni kingi na kipi ni kidogo.

Nayawaza haya kwa sababu ya Mjomba. Ana kiwanja Kibaha alichonunua kwa milioni 6 zamani. Mwaka jana dalali alimwambia yupo mteja wa milioni 40. Mteja huyo hakuonekana. Mwezi huu amekuja mtu mwingine na milioni 28, taslimu, na Mjomba ana shida nazo kwa matibabu ya shangazi. Juzi nilimpigia.

"Mama, huyo anataka kunilalia," akaniambia. "Nipoteze milioni 12 nzima?"

Sikubishana naye, ni mkubwa wangu na kiwanja ni chake. Ila hizo 12 hajawahi kuzishika. Zilitajwa tu kwenye simu, na mtu ambaye hata mimi sijui kama alikuwepo. Jumapili anakuja kula kwetu. Sitamhubiria habari za Waholanzi. Nitamuuliza tu, tukiwa wawili, kama dalali asingetaja ile 40, hii 28 angeionaje.