Kitako kwanza, maua baadaye

Glasi sita alizoniachia marehemu shangazi, zenye majani ya dhahabu ubavuni, zimenikosesha usingizi wiki nzima: nani alizitengeneza? Nilianza vibaya: nilifuata mapambo. Majani kama yale yalichorwa na wengi.

Jana usiku nikaigeuza moja, nikazima taa na kuimulika kitako kwa kurunzi niliyoilaza upande. Alama ikajitokeza, hafifu kama kovu la zamani: nanga juu ya herufi H. Anchor Hocking, ya Ohio, Marekani! Kampuni hiyo ilizaliwa 1937, Hocking ilipoungana na Anchor Cap, kwa hiyo glasi hizi si za kabla ya hapo. Angalia vizuri lakini, maana Hazel-Atlas, watengenezaji wengine wa glasi, nao walitumia H, ila A imekaa chini yake. Watengenezaji wengine, Libbey, wana L ya mwandiko wa kuunganisha.

Sasa, kitako kinamtaja aliyetengeneza kioo tu. Mpambaji anaweza kuwa mwingine kabisa. Culver, kampuni ya wapambaji, kwa mfano, walinunua glasi zisizo na mapambo wakazipamba kwa dhahabu ya karati 22, na jina lao mara nyingi hukutwa ubavuni, limejificha katikati ya mapambo. Nimezikagua zangu jani kwa jani, nikipitisha ukucha taratibu. Dhahabu imeinuka kidogo, na ukingoni imefifia pale midomo ilipogusa kwa miaka. Jina sijaliona.

Glasi ya sita haina nanga, na kitako chake ni kinene zaidi. Naamini iliingizwa baadaye, kuziba pengo la iliyovunjika.